Simu za matusi: mzigo wote ameachiwa anayepigiwa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo ambalo wengi wetu tunalijua kwa kulipata wenyewe lakini tunalisema kwa kunong'ona, nalo ni simu za kero na za matusi ya nguoni. Sizungumzii matapeli wa “ile hela itume kwenye namba hii”. Hao wameshasemwa sana, na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) imetutengea namba 15040 ya kuwaripoti. Ninaowazungumzia hawataki hela ya mtu. Wanapiga usiku wa manane na kukaa kimya wakihema, au wanajifanya wamekosea namba, kesho yake wanarudi kuisifia sauti uliyowaitikia nayo, na keshokutwa wanaanza kuyataja maungo ya mwanamke wasiyemjua kwa maneno ambayo gazeti hili haliwezi kuyachapa. Sheria ya kuwatia hatiani tunayo, na mitambo ya kuwatambua tunayo. Kinachokosekana ni njia ya kumfikisha mpigiwa kwenye sheria hiyo, na kwa kuwa njia haipo, kila mtu anajitetea kwa akili yake, mara nyingi kwa namna inayomzidishia madhara.

Simu nimeijua kwa kuifanyia kazi. Nilikuwa opereta tangu enzi za Shirika la Posta na Simu, kabla halijagawanywa katika miaka ya 1990, na napenda vijana wafahamu kwamba matusi ya simuni hayakuletwa na simu za mkononi. Sisi maopereta, ambao wengi wetu tulikuwa wanawake, tulikuwa wa kwanza kuyasikia, maana mtu aliyenyanyua mkono wa simu akiwa na hamu ya kutukana hakuhitaji hata kujua namba ya mtu. Opereta alimpata moja kwa moja. Lakini kwenye ubao wa kuunganisha kwa mkono hakuwa na pa kujificha, kwani tundu la laini yake lilikuwa mbele ya macho yetu na namba yake imeandikwa. Taarifa ilikwenda kwa msimamizi, mwenye simu akaonywa kwamba akirudia atakatiwa, na kwa zama zile ambapo watu walisubiri miaka kuwekewa simu nyumbani, onyo hilo lilimtia adabu hata mkubwa wa ofisi. Mitambo ya kujiunganishia yenyewe ndiyo iliyomsitiri mtukanaji. Kumsaka kwenye mitambo ile ilikuwa kazi ya kutoka jasho: mpigiwa aliambiwa asimkate, amwache aseme, mtu mwingine akimbilie simu ya jirani kutuarifu, na fundi aifuate ile simu kutoka safu moja ya mitambo hadi nyingine kabla mpigaji hajaweka mkono wa simu chini. Mara nyingi fundi alishindwa.

Leo fundi huyo hahitajiki. Kila simu inayopigwa inaacha kumbukumbu kwenye mitambo ya kampuni: namba iliyopiga, namba iliyopigiwa, tarehe, saa, muda wa mazungumzo na mnara ulioibeba. Hata namba inayoingia ikiwa imefichwa, imefichwa kwenye kioo cha simu yako tu. Kampuni inaiona, na hili ningetamani kila binti alijue. Juu ya hapo, usajili wa laini kwa alama za vidole ulianza tarehe 1 Mei 2019, na laini ambazo hazikusajiliwa zikaanza kuzimwa baada ya tarehe 20 Januari 2020, hivyo laini halali haipo bila kitambulisho cha mtu nyuma yake. Waingereza walipowekewa namba 1471 mwaka 1994, ya kumwambia mtu ni namba gani iliyompigia mara ya mwisho, waliona wamepata silaha kubwa dhidi ya wasumbufu. Simu za mkononi, ambazo zilianza kuingia hapa kwetu mwaka huohuo, baadaye zikatuonyesha namba ya mpigaji bila hata kuuliza. Kwa vifaa, mpigiwa wa leo yuko mbele sana kuliko mteja wangu wa zamani. Kwa msaada anaoupata, naona amerudi nyuma.

Hebu tutazame tunavyojibu. Jibu la haraka kuliko yote ni kutukana. Mtu anatukanwa, anapandwa na hasira, anarudisha la mama na la baba, kisha anajisifu mbele za wenzake kwamba amempa zake. Anayepiga simu za namna hii alikuwa anangojea hilohilo. Amepiga ili asikie mtu akitetemeka au akifoka, na kufoka kwako ndiko kunakomfanya apige tena kesho. Tena sheria inayokataza mawasiliano ya matusi haiulizi ni nani aliyeanza, na ule ujumbe wako wa hasira ukipigwa picha na kupelekwa kituoni, unaweza ukaitwa wewe.

Wengine humpa simu mwanamume. Mume au kaka anaipokea, anakoroma, anatishia kumfuata mtu mahali asipopajua, na mpigaji anakata. Ipo siku inasaidia. Lakini simu ikishakatwa mazungumzo yanahamia sebuleni: “Huyo namba yako kaitoa wapi?” “Mbona anakuita kwa jina?” Nimeona ndoa ya watu wazima ikiyumba kwa sababu ya namba ngeni iliyokuwa ikiita saa tano za usiku. Mke aliapa kwamba hamjui mtu yule, na mume, ambaye wala si mtu mbaya, akawa anaipekua simu ya mkewe kila anaporudi kazini. Binti wa shule naye akithubutu kusema, simu ananyang'anywa yeye. Ndiyo maana wengi hunyamaza, wakaizima simu ikifika magharibi, wakiomba mtu huyo achoke mwenyewe.

Jibu la siku hizi, ambalo lina ujanja wake, ni la kumtafuta mpigaji kwa njia ya pesa za simu. Mtu anafungua huduma ya kutuma fedha, anaingiza namba iliyomsumbua kana kwamba anataka kuitumia shilingi elfu moja, jina la mwenye laini linatokea, analipiga picha, kisha anauacha muamala kabla hajaweka namba ya siri. Muda si mrefu jina na namba viko kwenye kundi la WhatsApp la mtaa, la kikoba na la wazazi wa shule, pamoja na maneno ya kuwataka watu wote wampigie huyo shetani wamwoneshe kazi. Naielewa raha iliyomo humo, maana ni mara ya kwanza mpigiwa anajisikia ana nguvu. Lakini jina linalotokea ni la aliyesajili laini, na aliyesajili si lazima awe ndiye aliyepiga. Kijana anatumia laini ya mama yake, mfanyakazi wa ndani anatumia laini ya tajiri wake, na wapo waliowekeshwa kidole mara mbili na wakala asiye mwaminifu, wakawa wanamiliki laini wasiyowahi kuishika. Ndiyo sababu TCRA inatuhimiza kubonyeza *106# tuone ni namba zipi zimesajiliwa kwa kitambulisho chetu. Isitoshe, laini iliyokaa muda mrefu bila kutumika hufungwa, na namba ile ikapewa mtu mwingine, hivyo picha ya mwaka juzi inayozunguka kwenye makundi inaweza kumwangukia mtu ambaye wakati ule hakuwa hata na namba hiyo. Bibi wa watu anaamka asubuhi anakuta mtaa mzima unampigia kumtukana kwa kosa asilolijua, na hapo simu za matusi zimezaa simu za matusi.

Ujanja huohuo, nawaomba waume na makaka wausikie vizuri, anao pia msumbufu. Naye huiingiza namba ya mwanamke kana kwamba anataka kumtumia pesa, jina likatokea, akakata muamala, kisha akapiga na kumwita kwa jina lake kamili. Kwa hiyo mtu asiyekujua kabisa anaweza kukuita kwa majina yako matatu. Ile “mbona anakujua” ya sebuleni haina msingi wowote.

Shauri ambalo kila mtu analitoa bila kufikiri ni kuizuia namba. Siwakatazi watu kuzuia, na kwa mlevi aliyekosea njia linatosha. Lakini aliyekusudia ana laini nyingine mfukoni, au atapiga kwa namba iliyofichwa, au ataazima simu ya rafiki yake. Likishindikana hilo, mpigiwa anashauriwa abadili laini, na hapa ndipo napoona hatujafikiri kabisa juu ya namba ya simu ni kitu gani katika maisha ya mtu wa kawaida.

Mtoto wa dada yangu ni fundi cherehani. Namba yake ilikuwa imeandikwa kwa rangi nyekundu kwenye kibao cha mlangoni, chini ya maneno “Tunashona sare na nguo za harusi”, na namba hiyohiyo ndiyo inayopokea malipo ya wateja, marejesho ya kikoba na ujumbe wa benki. Mtu mmoja alimpigia akiuliza bei ya kumshonea mkewe gauni, na alipoulizwa vipimo akaanza kutaja vya mwili wa fundi mwenyewe. Kuanzia hapo akawa anapiga mchana, saa za wateja, kwa namba zinazobadilika. Nilikwenda kukaa naye dukani nione. Simu iko juu ya meza ya cherehani, imegeuzwa kifudifudi. Ikiita, mguu unaacha kukanyaga, sindano inasimama katikati ya mshono, naye anaikodolea macho mpaka inyamaze, kisha anakivuta kitambaa mbele kidogo na kusema, “Mama mkubwa, pengine huyo alikuwa mteja.” Mtu wa namna hii ukimwambia abadili laini umemwambia afunge duka.

Nilimsindikiza kituo cha polisi. Kaunta ilikuwa imejaa watu: aliyepotelewa na kitambulisho, aliyeibiwa pikipiki, na mama mmoja aliyekuja kumwona mwanawe mahabusu. Askari aliyetupokea alikuwa kijana mwenye heshima, akachukua kalamu na kusema, “Sasa dada, alisemaje hasa? Sema yaleyale, tuandike.” Binti alisema neno la kwanza na la pili kwa sauti ya chini, akaombwa apaze, la tatu likamshinda, na kwenye benchi nyuma yetu mtu akacheka. RB, yaani namba ya taarifa iliyoandikishwa polisi, tulipewa. Tukaelekezwa kwamba mwenye namba atapatikana kwa kampuni ya simu. Kwenye duka la kampuni, binti wa huduma kwa wateja akatusikiliza vizuri, kisha akatuambia, “Mama yangu, taarifa za mteja mwingine haturuhusiwi kuzitoa mpaka polisi watuandikie.” Tukarudi kituoni, tukaambiwa jalada bado halijapangiwa mpelelezi, tuje wiki ijayo, wiki iliyofuata aliyetupokea alikuwa na zamu nyingine. Tulipigwa danadana hivyo hadi binti akakata tamaa, akanunua kopo dogo la rangi na kuifuta namba kwenye kibao chake. Sasa anashonea wanaofika mlangoni tu, na wa harusi za mbali waliokuwa wakimpigia amewapoteza.

Sina ugomvi na yeyote kati ya wale tuliowakuta. Askari alitakiwa kuandika maelezo, na maelezo bila maneno yaliyosemwa hayasimami mahakamani. Binti wa kampuni alikuwa analinda siri ambayo hata mimi ningependa ilindwe, maana kama kila anayelalamika angepewa jina na anuani ya mtu, wasumbufu ndio wangekuwa wa kwanza kupanga foleni kulalamika. Kasoro iko katikati ya kaunta hizo mbili, mahali ambapo hapana ofisi wala mtu wa kuulizwa, na mwenye shida ndiye anayegeuzwa tarishi wa kupeleka maneno huku na kule.

Sheria yenyewe haina utata. Kifungu cha 118 cha Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010 kinamtia hatiani anayetuma mawasiliano machafu, yasiyo ya adabu, ya vitisho au ya kuudhi kwa nia ya kumkera, kumtusi, kumtisha au kumsumbua mwenzake, na kimeweka faini isiyopungua shilingi milioni 5 au kifungo kisichopungua miezi 12, au vyote viwili. Walioitunga walimkumbuka hata yule wa kuhema, kwani kifungu kinamgusa pia anayepiga mfululizo au vinginevyo kwa nia hiyo, mazungumzo yafanyike au yasifanyike, ajitaje au asijitaje. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 nayo, katika kifungu cha 23, inakataza kumtumia mtu mawasiliano ya kielektroniki kwa nia ya kumtisha, kumsumbua au kumtesa kihisia. Kwa hiyo anayemwambia mwathirika kwamba “hajakufanyia kitu, si amenyamaza tu” hajaisoma sheria. Huko Uingereza, ambako misingi mingi ya sheria zetu ilitoka, majaji wa Baraza la Malodi, lililokuwa mahakama ya juu kabisa kule, waliamua mwaka 1997, katika kesi ya mwanamume aliyekuwa akiwapigia wanawake mara kwa mara na kukaa kimya, kwamba kimya hicho kinaweza kuhesabiwa kuwa shambulio, kwa sababu anayekisikia hajui kama mtu huyo yuko mji mwingine au yuko karibu kufika mlangoni kwake.

Najua wapo wanaoziogopa sheria za namna hii, na woga wao una sababu. Mahakama Kuu ya Kenya mwaka 2016 ilikibatilisha kifungu cha 29 cha sheria yao ya habari na mawasiliano kwa kuona kwamba maneno yake ni mapana mno, kiasi kwamba mtu hawezi kujua ni lini ametenda kosa, na kesi yenyewe ilitokana na mtu aliyeshtakiwa kwa alichoandika mtandaoni. Sitaki simu za matusi ziwe kisingizio cha kumkamata aliyemkosoa kiongozi hadharani. Anayesema hadharani unaweza kumpita au ukamjibu hadharani. Anayempigia mtu mmoja saa nane za usiku, anayemtaka huyohuyo, na kurudia baada ya kuambiwa aache, hana hoja yoyote ya uhuru wa maoni anayoitetea, na sioni ugumu kwa polisi au hakimu kutofautisha mambo hayo mawili.

Yapo mambo tunayoweza kuyarekebisha bila kungoja Bunge. Nenda kwa wakala yeyote wa pesa za simu utaona daftari la kurasa za mistari liko wazi juu ya meza, limejaa majina, namba za simu, kiasi na sahihi, na anayefuata kwenye foleni anaandika huku akisoma ya waliomtangulia. Getini kwenye ofisi zetu ni hivyohivyo: jina, unakotoka, namba ya simu, unamtaka nani, na mlinzi analiacha daftari dirishani anapokwenda kufungua lango. Nimeuliza mabinti kadhaa waliosumbuliwa namba zao zilipatikana wapi, na wengi walifikiria kidogo kisha wakataja daftari. Tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na tunayo Tume iliyoundwa kuisimamia. Ningependa Tume hiyo iteremke hadi kwenye meza ya wakala. Karatasi ngumu ya kufunika mistari ya juu haina gharama, na daftari la mgeni ambaye ameshaondoka halina haja ya kukaa getini mwaka mzima.

Wapo pia wanaofanya kazi hii kwa mshahara. Mtu amekopa kwa programu ya simu, amechelewa kulipa, na ghafla shemeji yake, mwalimu wa mtoto wake na mchungaji wake wanapigiwa na watu wasiowajua, wakimwita mwizi na kumtukana. Hapa wanaume nao wanaonja. Benki Kuu ya Tanzania mwezi Novemba 2024 ilitangaza programu na majukwaa 69 yaliyokuwa yakikopesha bila leseni, na hiyo ilikuwa hatua nzuri, ingawa jukwaa likifungwa leo linaweza kurudi kesho kwa jina jingine. Wakenya katika kanuni zao za mwaka 2022 za watoa mikopo ya kidijitali walikwenda mbali zaidi, wakakataza waziwazi matusi na lugha chafu kwa mkopaji na kwa watu walio kwenye orodha yake ya simu. Anayedai haki yake aidai, lakini shemeji wa mdaiwa hakusaini mkopo wowote.

Niwataje pia wanaopokea simu za dharura. Jeshi la Zimamoto na Uokoaji limekuwa likilalamika kuhusu watu wanaopiga 114 kwa utani na matusi, na wanaohudumia namba 116 ya watoto hawana budi kupokea kila simu, maana hawajui ni ipi yenye mtoto aliye hatarini. Wenzangu hao hawawezi kuizuia namba, hawawezi kuzima simu, wala hawawezi kumpa mume aijibu.

Naja kwenye ninachokiomba. Kampuni ya simu ipokee malalamiko ya mteja wake moja kwa moja, kwa namba iliyomsumbua, tarehe na saa, na pale pale izihifadhi kumbukumbu za simu hizo zisije zikafutwa wakati mambo ya polisi yakiendelea. Mteja apewe namba ya malalamiko, na wala asiambiwe jina la mtu. Malalamiko yakithibitika kwenye kumbukumbu, mwenye laini apelekewe onyo la maandishi kwa jina lake aliloandikishia. Nina hakika wengi wao wataacha siku hiyohiyo, kwa sababu wanachokitegemea ni kutojulikana, na hata mama ambaye mwanawe anaitumia laini yake atajua kinachofanyika. Asiyeacha, jalada lake liende polisi likiwa na kumbukumbu tayari, na ni kampuni na polisi watakaoandikiana, sio fundi cherehani kupanda bajaji kwenda na kurudi. TCRA kwa upande wake inaweza kuifanya namba kama 15040 ipokee pia taarifa za matusi na usumbufu, kwani wananchi wameshaizoea.

Kituoni, malalamiko haya yapelekwe Dawati la Jinsia na Watoto badala ya kaunta, na mlalamikaji apewe karatasi ayaandike mwenyewe yale maneno. Mwanamke anayejua kusoma na kuandika hana sababu ya kuyatamka mbele ya benchi la watu. Asiyejua kuandika ayaseme ndani ya chumba, kwa askari wa kike kama yupo.

Na kwa wanaosumbuliwa, nawapa ushauri uleule tuliokuwa tukiwapa wateja wetu, ulioongezewa yaliyokuja na simu za leo. Usimjibu neno, hata la kumkemea, ila mara ya kwanza umwambie kwa ufupi asipige tena, ili baadaye asije akasema hakujua. Usifute ujumbe wala orodha ya simu zilizoingia, hata kama unaona kinyaa. Upige picha kioo cha simu na uihifadhi kwa mtu unayemwamini. Andika tarehe na saa kwenye karatasi kila anapopiga, pamoja na maneno yake kama unaweza kuyaandika. Mwambie mtu mmoja nyumbani mapema, kabla hajaiona namba hiyo mwenyewe. Jina ukilipata kwa njia ya muamala, liandike kwenye karatasi hiyohiyo uwape polisi, usilirushe kwenye makundi.

Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Mawasiliano lipo kwa ajili ya kutusemea, na naliomba lichukue suala hili kwa kampuni zote kwa pamoja. Kampuni zenyewe naziomba zijibu kupitia ukurasa huu swali moja: mteja akifika dukani kwenu leo akiwa na namba iliyomtukana, tarehe na saa, lakini bado hana barua ya polisi, ni mtumishi gani kati ya watumishi wenu mwenye mamlaka ya kuzihifadhi kumbukumbu hizo kabla mteja hajatoka mlangoni?

Wako,
Opereta mstaafu,
Ngamiani, Tanga